Moto wa Kukopa

Nchi ya Uzizima iko juu sana, mahali ambapo jua huchomoza kama kwingine lakini joto lake halifiki. Njia ya kwenda huko sitaieleza. Sidhani kuna atakayeiulizia akishasoma haya. Nilikwenda kuuza chumvi, nikakaa muda mrefu kuliko chumvi yangu ilivyohitaji. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, au niliambiwa na waliohusika.

Langoni nilipokewa na ofisa mpole aliyevaa makoti matatu. Hakuuliza nimebeba nini wala natoka wapi. Aliuliza, "Nani anakudai?"

"Hakuna," nikamjibu, kwa fahari kidogo.

Alinitazama kama tabibu amtazamavyo mgonjwa aliyecheleweshwa. "Hujawahi kukopa moto popote?"

"Kwetu kila mtu huwasha wake, bwana."

"Basi hakuna anayekujua," akasema. "Mtu anayedaiwa tunajua analala wapi, anaamka saa ngapi, na tukitaka kumshika tumshike wapi. Wewe tutakushika wapi?"

Sheria yao ni kwamba asiyedaiwa halali ndani ya mji mpaka adhaminiwe na mwenyeji mwenye deni la miaka mingi. Nilikaa nje ya lango nikitetemeka hadi akapita mwanamume mrefu, mkavu, aliyefunga mkanda mpana wa ngozi uliopigiliwa nyota ndogo za shaba. Mkanda ulikuwa mzito kiasi cha kumfanya atembee akijitegemeza na mkono mmoja kiunoni. Akauliza kama nina chumvi. Nikasema ninayo. Akanidhamini.

Jina lake lilikuwa Feruzi, seremala asiye na kazi, kwa kuwa watu wa Uzizima walikuwa wameacha kutengeneza vitu vya mbao na sasa walikuwa wakivichoma. Nyumbani kwake hapakuwa na mlango. Palitundikwa ngozi ya ng'ombe. Hapakuwa na kiti, wala kitanda, wala rafu. Mkewe, Siwatu, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akipika uji, na binti yao Mize, mtoto aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto, alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mgeni," kisha akakohoa.

Yafaa nieleze habari ya moto, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Uzizima mtu haruhusiwi kupekecha moto wake. Moto wote ni wa Nyumba ya Moto, jengo kubwa la mawe katikati ya mji, ambalo dohani zake hazipumziki. Kila jioni watu hupanga mstari na ndoo zao na kupewa makaa kwa mkopo. Mwezi mpya ukiandama hulipa kwa kuni. Anayelipa zote kwa wakati huachwa aende zake, ingawa makarani humwita "mnyonyaji" na hawapendi kumwona. Anayechelewa, kuni zake huzaa kuni nyingine, na hizo nazo huzaa. Karibu kila niliyemjua alikuwa amechelewa. Misitu iliyouzunguka mji ilikwisha zamani, kwa hiyo watu walikuwa wakilipa kwa vitanda, masanduku, madirisha na milango.

Jambo hilo hawakulizungumza. Walichokizungumza asubuhi, mchana na jioni, kisimani na misibani, ni zawadi.

Kwa kila ndoo unayokopa, Nyumba ya Moto hukupa zawadi, na unatakiwa kuchagua moja kati ya mbili. Waliochagua nyota hupigiliwa nyota ya shaba kwenye mkanda. Mkanda ukijaa, mwenyewe hupata nafasi katika gari la Nyumba liendalo Bonde la Jua, ambako inasemekana watu hulala wazi na kuamka wakitokwa na jasho. Waliochagua kaa hurudishiwa kaa moja la moto baada ya kila ndoo kadhaa. Hilo huitwa kaa la marejesho, na mtu huenda nalo nyumbani kwenye chungu chake, bila deni.

Feruzi alikuwa mtu wa nyota. Siwatu alikuwa mtu wa kaa.

"Huyu baba Mize," Siwatu aliniambia jioni ile ya kwanza, "amefunga kiunoni uzito wa punda, na miguu yake ni barafu. Mwambie aichemshe hiyo shaba tunywe."

"Na kaa lako lilikuwa wapi jana?" Feruzi akajibu. "Lilizimika kabla hujavuka sokoni. Umerudi na jivu."

"Jivu langu ni langu."

"Mimi nitakwenda Bondeni, mama Mize. Wewe utakwenda wapi na jivu?"

Walisema hayo bila hasira, kama watu wanaocheza bao, na mtoto alicheka kila baba yake alipofungwa. Nilidhani ni mzaha wa nyumba ile peke yake. Baadaye nikaona kwamba nyumba zote ziko hivyo, na kwamba wengine wameachana kwa ajili hiyo.

Siku zilizofuata nikaona jambo la ajabu zaidi. Feruzi alikuwa akikopa ndoo za makaa asizozihitaji. Alizimwaga uani, chini ya anga tupu, akawasha moto mkubwa ambao hakuna aliyeuota isipokuwa upepo, ili tu apate nyota. Siwatu alimcheka, lakini yeye naye, ikibaki ndoo moja kufikia kaa la marejesho, alikwenda kuikopa hata kama jiko lilikuwa limejaa. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Nikiiacha nitakuwa nimepoteza kaa." Mwezi mpya ulipoandama walibomoa dari kulipia.

Kisha Mize akazidiwa. Kikohozi kilishuka kifuani kikawa kichomi, na kila akivuta pumzi ubavu wake uliingia ndani. Tabibu alikuja, akamsikiliza mgongoni, akatoka nje na wazazi wake.

"Dawa ninayo lakini haitashinda baridi hii," akasema. "Mtoto huyu apelekwe kwenye joto. Apelekwe mapema."

Siwatu alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza aliutazama ule mkanda bila dhihaka. "Umejaa?"

"Umejaa," Feruzi akasema. Sauti yake ilikuwa na kitu kilichofanana na furaha. "Tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja kuwashangaza."

Tulikwenda wote watatu Nyumba ya Moto, mtoto akabaki kwa tabibu. Tulipokewa na Karani Mkuu, Bwana Msarifu, mtu mwenye mikono yenye joto, jambo ambalo katika nchi ile ni kama cheo. Aliukagua mkanda nyota kwa nyota, akatabasamu, akasimama kumpa Feruzi mkono.

"Hongera sana. Ni wachache wanaofika hapa. Gari linaondoka msimu mpya ukianza, nafasi yako ipo."

"Nafasi ni ya binti yangu, Bwana Karani. Ni mgonjwa."

Bwana Msarifu aliketi tena taratibu. "Nyota ni za mwenye mkanda, ndugu yangu. Hazihamishiki. Ulielezwa siku ya kwanza."

"Nichukue mimi nimpakate."

"Gari halibebi asiye na mkanda."

"Basi nipe kuni zenye thamani ya nyota hizi, nimwashie moto wa kutosha nyumbani."

"Nyota hazina thamani ya kuni," karani akasema, na nadhani alisikitika kweli. "Hiyo ndiyo maana ya kuwa nyota. Ila usikate tamaa. Mtoto anaweza kufunguliwa mkanda wake. Msimu huu kila ndoo ya mkanda mpya inapewa nyota mbili badala ya moja. Mkijitahidi utajaa kabla gari halijaondoka."

Siwatu akasogea mbele. "Na mimi? Miaka yote nimekuwa mtu wa kaa. Nirudishieni kwa mkupuo kwa ajili ya mtoto."

"Mama, wewe ulisharudishiwa," akasema Bwana Msarifu. "Umeshayaota."

Alituambia pia kwamba Baraza la Moto linakutana kesho yake, na kwamba Baraza lina uwezo wa kubadili kanuni. Kwa hiyo tulikwenda, nikiwa na matumaini kwamba mgeni atasikilizwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa nyota walikaa kulia, watu wa kaa kushoto, wote sakafuni. Mada ilikuwa ile ile ya kila mwaka: ipi zawadi bora.

Mheshimiwa mmoja wa nyota, mwenye sauti nzuri sana, alisema kwamba kaa humpa mtu joto la leo na kumwacha kesho bila tumaini, na kwamba taifa lisilo na safari ya kuingoja limekwisha kufa. Walio kulia wakapiga miguu chini. Bibi mmoja wa kaa akasimama, akasema kwamba kaa ukilishika linakuunguza, hivyo hakika lipo. Nyota ukiishika inazidi kukupoza, na kila mwaka nyota zinazotakiwa kujaza mkanda zinaongezwa bila mtu kuulizwa. Walio kushoto wakashangilia. Mwingine akajibu kwamba kaa nalo limepunguzwa, siku hizi ni dogo kama kunde. Wakapigiana hesabu: ndoo ngapi kwa nyota, ndoo ngapi kwa kaa, mtu wa familia kubwa afanye nini, mtu mpweke afanye nini. Hesabu zao zilikuwa sahihi. Sijapata kusikia watu hodari wa hesabu kama wale.

Mwisho alisimama mtu wa makamo, mtulivu, akasema ugomvi huu hauna haja. Mwenye akili achukue zote mbili: nyota kwa moto wa uani, kaa kwa moto wa kupikia. Ukumbi mzima ulimshangilia, kulia na kushoto, na jioni ile mstari mbele ya Nyumba ya Moto ulizunguka mtaa, watu wakienda kufungua deni la pili.

Nilipopewa nafasi nilieleza habari ya Mize. Walinisikiliza kwa heshima, wanawake wengine wakafuta machozi. Kisha nikauliza: mtu akikopa moto wa kumtosha tu, akalipa kuni zake, asitazame zawadi yoyote, je, si angebaki na mlango wake?

Mwenyekiti aligonga sakafu kwa jiwe. "Mgeni anazungumzia kuni," akasema. "Hoja iliyo mezani ni zawadi."

Nilitazama. Meza haikuwapo. Nadhani ilichomwa zamani.

Ombi la Mize likaahirishwa hadi kikao kijacho.

Basi wakamfungulia mtoto mkanda. Feruzi aliushona mwenyewe, mwembamba, akampimia akiwa amelala. Kila jioni walikwenda yeye na mkewe na ndoo kila mkono, nami nikawasaidia kubeba. Moto ukawaka uani mchana kutwa. Tulimtoa Mize tukamweka karibu, lakini upepo wa kule huja kutoka kila upande. Uso wake uliungua na mgongo wake ukaganda, ikabidi tumrudishe ndani. Nyota ziliongezeka mbili mbili. Mtoto alizipenda. Alikuwa akizipapasa kwa kidole na kuuliza, "Baba, Bondeni kuna watoto?"

"Wako wengi."

"Wana mikanda?"

"Wote."

Mwezi mpya ukaandama, na cha kulipia hakikuwapo isipokuwa nguzo. Feruzi aling'oa za upande wa kaskazini, moja moja, akabakiza ya mwisho, akitegemeza paa kwa mawe. Alizipasua kwa ustadi, vipande sawasawa, kama anayeandaa kazi ya mteja.

Siku ile ile Siwatu alipokea kaa la marejesho, kubwa kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa walikuwa wamekopa sana. Alirudi nalo kwenye chungu, akalimwaga jikoni, kisha akalitoa haraka kwa kijiti na kulizima kwenye majivu. Akaliokota na kumwonyesha mumewe.

"Baba Mize, ua hili ni la nani?"

Upande mmoja wa kaa ulikuwa haujaungua sawasawa. Palionekana ua lililochongwa, na nusu ya jani. Feruzi aliligeuza mkononi. Hakuna seremala asiyeijua patasi yake.

"Ni langu," akasema. "Ni la kitanda cha mtoto nilichowachongea majirani wa nyumba ya tatu."

"Mtoto wao sasa analala wapi?"

"Sijui."

Siwatu alikaa chini. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani wananirudishia changu."

Alisema hatakopa tena hata ndoo moja. Feruzi alimwambia zimebaki nyota chache tu, wakiacha sasa ndoo zote zilizokwisha kukopwa zitakuwa bure. Wakabishana, na safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake. Nilitoka nje nisisikie. Niliporudi, Mize alikuwa anakohoa, na Siwatu alikuwa amesimama ameshika nguzo ya mwisho ya kaskazini kwa mikono miwili, akiitikisa ing'oke. Aliing'oa yeye mwenyewe, iwe kuni za ndoo zilizobaki. Nililiona hilo, na sijamlaumu hadi leo.

Paa lililala upande mmoja. Upepo ukapata njia.

Mize alifariki jioni ya Ijumaa, wakati baba yake yuko kwenye mstari wa ndoo. Mkanda wake ulikuwa umepungukiwa nyota mbili. Feruzi alirudi na ndoo iliyozipata hizo mbili, akamkuta mkewe amemfunika mtoto kwa ile ngozi ya mlangoni. Akaiweka ndoo chini taratibu sana, kana kwamba kuna mtu angeamka.

Walipokuwa wakiosha mwili, mjumbe wa Nyumba ya Moto alifika. Alitoa pole. Alieleza kwamba nyota za marehemu hufa na marehemu, ila ndoo alizokopewa zinabaki kwa wazazi. Akaongeza kuwa moto wa matanga nao una zawadi, wao wachague tu. Siwatu alimtazama mpaka akaondoka. Matanga yale hayakuwa na moto. Majirani walikaa wameminyana ukutani, na hakuna aliyelaumu.

Msimu mpya ulipoanza, gari la Bonde la Jua likaegeshwa mbele ya Nyumba. Feruzi alisema haendi.

"Nenda," Siwatu akamwambia. "Usipokwenda watazichukua nyota zako. Nenda ukaone tulichokuwa tunamnunulia."

"Na wewe?"

"Mimi nadaiwa. Nitakwenda wapi?"

Mwenye deni haruhusiwi kuvuka kilima cha mpakani ila ndani ya gari la Nyumba, na hilo kila mtoto wa Uzizima hufundishwa kabla hajajua kuhesabu. Wanasema huko juu kuna walinzi, na theluji ifikayo kifuani.

Mimi chumvi yangu ilikuwa imekwisha. Niliaga, nikatoka pamoja na gari lile nikitembea kandokando, maana sikuwa na mkanda. Ndani walikuwamo abiria wanne, na nafasi tupu zilikuwa nyingi kuliko wao. Feruzi alikaa nyuma kabisa. Mwenzake mmoja alimpa mawaidha ya namna ya kujaza mkanda wa pili haraka zaidi. 

Kileleni palikuwa na nguzo moja fupi na kipande cha kamba. Mlinzi hakuwapo. Alama ya kibanda chake ilionekana ardhini, mraba mweusi. Naye alikuwa amekichoma, akaenda zake. Theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Kisha njia ikateremka, hewa ikabadilika, nikafungua koti, na kabla jua halijafika utosini tulikuwa Bondeni.

Palikuwa kama walivyosema. Mama mmoja alikuwa anaanika karanga kwenye mkeka, na watoto watatu uchi walikuwa wakirushiana maji kijitoni. Feruzi alishuka, akaenda akasimama mbele ya yule mama. Alikuwa bado anatetemeka.

"Shemeji, samahani," akasema. "Watoto hawa ni wako?"

"Wawili wangu, mmoja wa jirani. Karibu."

"Walijaza nyota ngapi?"

"Nyota gani, kaka?"

Feruzi akamwonyesha mkanda. Yule mama aliutazama, akaona ni pambo, akausifia. Kisha akasema yeye alizaliwa pale pale, ila mumewe alitoka huko juu, kwenye baridi, akiwa kijana.

"Alikuja na gari?"

"Kwa miguu. Na mama yake mgongoni, maana alikuwa mgonjwa." Akaelekeza kwa kidevu. "Si hapo tu?"

Tuligeuka wote. Kilima kilikuwa karibu, na nyuma yake moshi wa Nyumba ya Moto ulionekana wazi, nyuzi tatu nyeupe.

Mama yule alimletea uji kwenye kibuyu. Feruzi aliupokea kwa mikono miwili, akaushika bila kuunywa, kisha akaurudisha na kushukuru. Msimamizi wa gari alimwita aje achague kitanda, kwa kuwa muda wake wa kukaa Bondeni umeshaanza kuhesabiwa. Hakugeuka. Alishika njia tuliyojia, akaanza kupanda.

Nilimwita kwa jina. Nilidhani amechanganyikiwa, nikamfuata mpaka mwanzo wa mteremko, kisha nikaona namna anavyotembea nikasimama. Alikuwa ameinamisha mgongo, mikono yote miwili ameipeleka nyuma na kuifumbata chini ya kiuno. Alikwenda polepole, akichagua pa kukanyaga. Kila baada ya hatua chache alisimama, akajitikisa kidogo, kama mtu anayempandisha mtoto mgongoni asiteleze, akaendelea.